Ndimu Motoni

Duarte Barbosa, karani wa Kireno aliyefanya kazi miaka mingi pwani ya Malabar, aliandika kunako mwaka 1516 habari za nchi za Bahari ya Hindi. Alipofika kwenye Pemba, Unguja na Mafia hakurefusha maneno. Alisema ni visiwa vya rutuba, vina mchele, mtama, nyama na miwa, kisha akaongeza kwamba machungwa, malimau na jamaa zake yamejaa mpaka msituni. Waarabu walikuwa wakiiita Pemba Al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, na Barbosa ni kama anatuambia kijani hicho kilikuwa cha miti gani, karne tatu kabla ya mkarafuu.

Wareno walikuwa na sababu ya kuyaona malimau kabla ya mengine. Aprili 1498 mabaharia wa Vasco da Gama walitia nanga Mombasa wakiwa wagonjwa wa kiseyeye. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Mwandishi wa safari ile aliandika kwamba wagonjwa wote walipona, akaisifu hali ya hewa ya mji. Hewa ilisifiwa bure. Na hata baadaye, watu walipokwisha kutambua kuwa limau ndilo linaloponya, wengi walidhani dawa ni ule uchachu wake. Sivyo: dawa ni vitamini C, kitu kingine kabisa kinachokaa ndani ya tunda lile lile. Lakini uchachu ndio uliowashughulisha wakemia kwanza, na habari hii ni ya uchachu, na ya yaliyoupata ulipotiwa motoni.

Carl Wilhelm Scheele alikuwa mfamasia katika mji mdogo wa Köping, Uswidi. Mwaka 1784 alitia chaki kwenye maji ya limau yaliyo moto. Asidi ikashikana na kalsiamu, ikatuama chini kama unga mweupe. Akauosha unga ule, akauvunja kwa asidi ya salfuriki, akachuja, akachemsha na kuacha vipoe. Zikatokea fuwele safi. Ndiyo asidi ya limau, ile inayouzwa madukani kwetu kwa jina la ndimu ya unga, inayotiwa kwenye achari na juisi za paketi. Molekuli yake moja ina kaboni 6, hidrojeni 8 na oksijeni 7, na ina ncha tatu za tindikali, kila moja tayari kushikana na jirani. Ncha hizo tatu ndizo zilizoleta mambo yote ya mbele.

Fuwele hizo huyeyuka kwenye nyuzi 153 za Selsiasi. Moto ukipita 175 zinaanza kutoa maji, kisha hewa ya ukaa, na molekuli inageuka kuwa nyingine. Wakemia wa karne ya 19 waliupenda sana mchezo huu. Katika miaka ya 1830 Mswisi Samuel Baup alichoma asidi ya limau, akaukusanya mvuke, na humo akapata asidi mpya, ile ya itakoni, ambayo leo hutumika kutengeneza plastiki na rangi. Kilichopanda juu kilipewa jina na kuandikwa vitabuni. Kilichobaki chini ya chombo, rojo la kahawia, hakikumshughulisha mtu.

Wala si kwamba vifaa vya kuona havikuwapo. Mwaka 1852, Cambridge, George Gabriel Stokes alieleza kwa nini maji ya kwinini, meupe kama ya kunywa, huonyesha samawati yakipigwa na jua. Kwinini inapokea mwanga wa urujuanimno, ambao jicho halioni, na kuurudisha ukiwa mwanga ambao jicho linaona. Alichohitaji ni jua, tundu la dirisha na vioo vya rangi. Mtu yeyote mwenye vitu hivyo angeweza kumimina tone la rojo la kahawia kwenye maji na kuona kama linang'aa.

Wapo waliokaribia. Mwaka 1884, mjini Berlin, Behrmann na Hofmann walieleza kitu kilichotokana na asidi ya limau ikiunganishwa na amonia: asidi ya sitrazini. Ni molekuli ndogo, pete moja yenye naitrojeni ndani yake, na kwenye maji hutoa samawati. Mwaka 1893 Sell na Easterfield wa Cambridge wakachapisha uchunguzi wao juu ya asidi hiyo hiyo. Kisha kabati likafungwa. Easterfield akahamia New Zealand akawa mtu mkubwa wa sayansi ya kilimo, na samawati ya limau ikabaki kwenye majarida ambayo, kama tutakavyoona, watu wa karne ya 21 hawakuwa na haraka ya kuyafungua.

Wakati huo limau lenyewe lilikuwa linaelekea kupoteza kazi. Italia, hasa Sicily, ndiyo iliyokuwa ikiulisha ulimwengu kwa sitreti ya kalsiamu, ule unga mweupe wa Scheele, na bei ilikuwa mikononi mwake. Vita Kuu ya Kwanza ikavuruga biashara. Mwaka 1917 Mmarekani James Currie alionyesha kwamba kuvu mweusi anayeota kwenye vyakula vilivyooza, Aspergillus niger, akilishwa sukari hutoa asidi ya limau kwa wingi. Kampuni ya Pfizer ikamchukua, na mwaka 1919 kiwanda kikaanza. Mashamba ya Sicily hayakuinuka tena katika biashara hiyo. Leo dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 2 za asidi ya limau kwa mwaka, na karibu yote haijawahi kuona ndimu wala limau.

Pemba iliujua mchezo huo kwa upande wa pili, upande wa anayenyang'anywa soko. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha sehemu kubwa ya ile ya Pemba. Tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa zaidi ya robo tatu ya karafuu za Zanzibar. Kila mwaka wa mavuno huacha kitu kingine pembeni. Karafuu huchumwa kwa kikonyo. Nyumbani watu hukaa jamvini wakizichambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Makonyo ni ya bei ndogo, hayana sura, hayafai mchuzini. Lakini yana mafuta, yapata asilimia 5 hadi 6 ya uzito wake, na sehemu kubwa sana ya mafuta hayo ni kitu kimoja, yujinoli. Kwenye kiwanda cha makonyo cha Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kinachoendeshwa na Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, mvuke hupitishwa kwenye makonyo yaliyoshindiliwa, ukatoka na mafuta, ukapozwa, na mafuta yakajitenga. Mafuta mengi hupanda juu ya maji. Ya karafuu huzama.

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, viwanda vya Ulaya na Marekani viliitaka sana yujinoli, na si kwa ajili ya meno yanayouma. Waliigeuza kuwa vanilini, ile harufu ya vanila. Kwa takriban miaka 40 keki na chokoleti za Wazungu zilipata harufu ya vanila kutoka kwenye karafuu, zikiwamo za Zanzibar, na sidhani kama walaji walijua. Kisha, katikati ya miaka ya 1930, kiwanda cha karatasi cha Rothschild, jimbo la Wisconsin, kikaanza kutengeneza vanilini kutokana na maji machafu yanayobaki baada ya miti kupikwa kuwa karatasi. Taka za mtu mwingine zikawa rahisi kuliko makonyo yetu. Nalisema bila uchungu, maana kemia ndivyo ilivyo: haina uaminifu kwa mti wowote.

Mng'ao ulipojitokeza tena, haukutoka kwenye limau. Ulitoka kwenye masizi. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha South Carolina, Xiaoyou Xu na wenzake katika maabara ya Walter Scrivens walikuwa wakisafisha mirija myembamba ya kaboni, bidhaa iliyokuwa ikigombewa na kila maabara. Mirija yao ilitengenezwa kwa kupitisha cheche kali ya umeme kati ya vipande vya grafiti, na pamoja nayo yalikuja masizi mengi. Waliyachemsha masizi kwenye asidi ya naitriki, wakayapitisha kwenye jeli kwa nguvu ya umeme ili kila kitu kijipange kwa ukubwa wake. Mirija ikabaki nyuma. Mbele yake ukakimbia mstari ambao hawakuutafuta, ukajigawa, na chini ya taa ya urujuanimno ukaonekana kwa rangi tofauti. Ulikuwa uchafu wa masizi, chembe za kaboni zenye upana wa nanomita chache tu. Milimita moja ina nanomita milioni moja.

Miaka miwili baadaye Ya-Ping Sun wa Chuo Kikuu cha Clemson, jimbo lile lile, aliziunda chembe hizo kwa makusudi. Alipiga grafiti kwa leza, akazivika chembe koti la plastiki inayoyeyuka majini, na zikang'aa zaidi. Akaziita nukta za kaboni. Jina likashika. Mwaka 2007 kikundi cha Chengde Mao, Chuo Kikuu cha Purdue, kikaleta habari iliyowachekesha wengi na kuwafundisha wote: kilishika masizi ya mshumaa, kikayachemsha na asidi, na kikapata chembe zinazong'aa kwa rangi mbalimbali. Mng'ao ulikuwa hafifu. Katika kila miale 100 ya mwanga uliomezwa, haikurudi hata miwili. Lakini leza haikuhitajika tena. Kilichohitajika ni mshumaa.

Na hapo ndipo asidi ya limau ikarudi. Athanasios Bourlinos, Mgiriki, pamoja na Emmanuel Giannelis wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzao wa Ugiriki na Ucheki, waliuliza swali la kinyume. Wengine wote walikuwa wakichukua kaboni kubwa na kuivunjavunja. Kwa nini wasianze na molekuli ndogo na kuijenga? Mwaka 2008 walichapisha jibu: chumvi za asidi ya limau zikichomwa kwenye nyuzi 300 kwa saa mbili huacha chembe za kaboni zinazong'aa. Koti lilikuja pamoja na chembe, kwa sababu mkia wa molekuli uliobebwa na chumvi ulibaki umeshikilia nje huku ndani kukigeuka makaa. Ukibadilisha mkia, chembe moja inayeyuka majini, nyingine kwenye mafuta.

Njia hii haikuhitaji mtambo wa fahari, na hilo ndilo lililoifanya ienee. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2012 na kikundi cha Yuwu Chi, Chuo Kikuu cha Fuzhou, China, yanasomeka kama ya mpishi. Chukua gramu 2 za asidi ya limau, weka kwenye bika ndogo, ipashe hadi nyuzi 200. Baada ya dakika 5 hivi imeyeyuka yote, haina rangi. Inaanza umanjano mwepesi. Ikifika dakika 30 imekuwa rangi ya chungwa: ishushe, itone kidogo kidogo kwenye maji ya magadi makali huku ukikoroga, na utapata chembe zinazotoa samawati. Ukiiacha motoni saa mbili, inakauka na kuwa nyeusi, na mng'ao mwingi umekwenda. Mpika halua wa Wete, kule Pemba, anayejua kwa rangi ya sufuria lini sukari imeiva na lini imeharibika, asingehitaji kufundishwa sehemu hiyo ya kazi. Wala huu si mzaha mtupu: mwaka huo huo watafiti wa Guwahati, India, walitafuta chembe hizi kwenye mkate, sukari iliyounguzwa na sukari guru, wakazikuta. Watu wamekuwa wakizila tangu walipojua kupika.

Kinachotokea chunguni kinaeleweka kwa kiasi. Ncha tatu za asidi hushikana na za jirani, zikitoa maji kila zinaposhikana, na molekuli zinakuwa mnyororo, kisha wavu. Moto ukizidi, wavu unapoteza oksijeni na hidrojeni, na kaboni zinaanza kujipanga kwenye pete za sita sita, kama zilivyo kwenye grafiti, vipande vidogo vilivyozungukwa na pindo la oksijeni. Ukitia kitu chenye naitrojeni, mambo yanabadilika ghafla. Mwaka 2013 kikundi cha Bai Yang, Chuo Kikuu cha Jilin, kilichanganya asidi ya limau na ethilinidiamini kwenye maji, kikafungia kwenye chombo cha chuma na kukipasha hadi nyuzi 200 kwa saa 5. Mng'ao ulifika takriban asilimia 80, unaolingana na rangi bora za kiwandani. Walipiga nao chapa kwenye karatasi kama wino: mchana hauonekani, chini ya taa ya urujuanimno maandishi yanatokea.

Asilimia 80 ilipaswa kuwatia shaka watu. Masizi yalitoa chini ya 2, chumvi za Bourlinos zilitoa takriban 3, halafu ghafla 80? Giannelis mwenyewe, katika kazi ya mwaka 2012 akiwa na Marta Krysmann, alikuwa ameshaonyesha njia. Walipasha asidi ya limau pamoja na ethanolamini kwa daraja. Kwenye nyuzi 180 mng'ao ulikuwa mkali sana, na kaboni iliyojipanga haikuwapo. Kwenye 230 vilichanganyika viwili. Kulipofika 300 na zaidi kulikuwa na chembe za kaboni kweli, na mwanga wake ulikuwa mdogo. Maana yake ilikuwa wazi kwa anayetaka kuiona: kilichong'aa zaidi hakikuwa makaa. Mwaka 2015 Yubin Song na kundi lile lile la Jilin walitenga kutoka kwenye rojo lao molekuli ndogo yenye pete mbili zilizoungana, zao la asidi ya limau na ethilinidiamini, na ndiyo iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya samawati yao. Nawaheshimu kwa hilo, maana si kila mtu huchimba msingi wa nyumba yake mwenyewe kuona kama upo.

Molekuli hiyo ni ndugu wa karibu wa asidi ya sitrazini ya mwaka 1884. Mamia ya makala yalikuwa yameshasifu nukta za kaboni ambazo, zikitiwa kwenye mfuko wa kuchujia na kuachwa majini kwa siku kadhaa, zilitoa mng'ao wao mwingi nje ya mfuko, pamoja na molekuli ndogo, huku chembe zikibaki ndani zikiwa hafifu. Waandishi wengi hawakuupima ule mfuko kwa nje. Mabishano hayajaisha, na yamekuwa na faida: sasa anayedai chembe hutakiwa kuonyesha alivyozisafisha, na wengine wanasema molekuli ndogo zikinaswa kwenye wavu wa chembe hudumu zaidi chini ya mwanga kuliko zikiwa peke yake, jambo ambalo lina thamani yake.

Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2023 ilikwenda kwa Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Ekimov kwa nukta za kwanta, ambazo rangi yake hufuata ukubwa wa chembe, nazo mara nyingi zina kadimiamu, metali yenye sumu. Watetezi wa kaboni walipata hapo hoja yao ya zamani: yao haina metali. Kwa anayetaka kuwachunguza watu, hoja hiyo ina uzito.

Na uchunguzi wa aina hiyo umefanyika Pemba, kwa chembe za namna nyingine. Wawi hiyo hiyo yenye kiwanda cha makonyo ina maabara ya afya ya jamii iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Ivo de Carneri, Mwitaliano aliyebobea katika vimelea. Adui mmojawapo mkubwa wa maabara hiyo ni kichocho cha mkojo. Kwa miaka mingi mbinu ilikuwa moja: mililita 10 za mkojo wa mtoto wa shule hupitishwa kwenye chujio, na mtaalamu huhesabu mayai kwa darubini. Kampeni za dawa ya prazikwanteli zilipopunguza ugonjwa, ikawa shida ya pili: minyoo wachache hutaga mayai machache, na chujio likatoka tupu kwa mtu ambaye bado anaumwa. Wakati wa mradi wa kutokomeza kichocho Zanzibar, ulioanza mwaka 2011, mikojo ya Unguja na Pemba ilipimwa pia kwa kipimo cha Paul Corstjens na Govert van Dam wa Leiden, Uholanzi, kinachotafuta sukari inayotapikwa na mnyoo. Mkojo husafishwa kwa asidi ya trikloroasetiki, hupandishwa kwenye utepe, na chembe zinazong'aa hujikusanya kwenye mstari pale sukari ilipo. Kipimo hicho kiliwakuta wagonjwa wengi zaidi ya waliokutwa na darubini.

Chembe hizo hazikuwa za kaboni. Zilikuwa za madini adimu, jamii ya yitriamu, zinazopokea mwanga wa infraredi na kutoa kijani. Sababu iko kwenye mkojo wenyewe: ukipigwa na urujuanimno, nao hutoa samawati, na karatasi ya utepe pia. Nukta ya limau ingelazimika kupiga kelele sokoni. Chini ya infraredi mkojo umenyamaza, na kinachong'aa ni chembe pekee.

Ndiyo maana kazi nyingi ya wakemia wa limau tangu hapo imekuwa kuisukuma rangi kutoka samawati kuelekea nyekundu. Songnan Qu wa Changchun alianza mwaka 2012 na asidi ya limau na urea kwenye tanuri la maikrowevu, akapata kijani. Mwaka 2016, kwa malighafi zile zile mbili lakini akibadilisha maji kwa kiyeyushi kingine na kuzifungia kwenye nyuzi 160, alipata rangi ya chungwa. Urea ni ile ya gunia la mbolea, ambayo pia ndiyo iliyo nyingi kwenye mkojo kuliko kitu kingine chochote ukiondoa maji.